Kaandika 12 badala ya 7: matatizo ya alama ya sawasawa na namna ya kuyatatua

Kesho asubuhi, kabla hujaanza kipindi cha hisabati, andika hii ubaoni:

8 + 4 = ☐ + 5

Gawa vipande vya karatasi. Kila mtoto aandike namba moja tu, ile inayofaa kwenye kisanduku, akunje karatasi, akuletee. Usieleze, usilisome swali kwa sauti, usitoe mfano. Dakika 3 zinatosha.

Namba inayotakiwa ni 7. Mara ya kwanza nilipojaribu nilikuwa na darasa la nne, watoto wanaozidisha tarakimu mbili kwa mbili bila kubabaika, na nilishaanza kujilaumu kwamba napoteza muda. Nikakunjua karatasi mezani: 12. 12. 17. 12. Moja ilikuwa na 12 iliyopigiwa mistari miwili chini, mwenyewe ana uhakika wake. Zenye 7 zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Usikimbilie kulaumu watoto wa siku hizi, wala wingi wa wanafunzi darasani. Marekani, miaka ya 1990, watafiti waliwapa wanafunzi 145 wa darasa la sita swali hilihili. Wote 145 walijibu 12 au 17. Hawa si watoto wasiojua kujumlisha. Wamejifunza vizuri sana jambo ambalo hakuna aliyekusudia kuwafundisha: kwamba = maana yake "haya, toa jibu".

Zifuatazo ni dalili ninazokutana nazo, na kilichonisaidia kwa kila moja.

Kabla ya dawa: msikilize akisoma

Mwite aliyeandika 12. Usimwambie amekosa. Mwambie tu, "Nisomee hii." Binti mmoja alinisomea hivi, kidole kikitembea juu ya karatasi: "Nane jumlisha nne... jibu kumi na mbili... halafu jumlisha tano." Kidole kilipofika kwenye = kilisimama kidogo, kama daladala kituoni.

"Hii alama inasemaje?"

"Inasema toa jibu."

"Na hii jumlisha tano ya mwisho ni ya nini?"

Akapandisha mabega. "Labda ni ya swali linalofuata, mwalimu."

Nilipofungua daftari lake nikaona alikolitoa hilo. Ukurasa baada ya ukurasa: 6 + 3 = __, 9 − 4 = __, 7 × 2 = __. Kazi iko kushoto, nafasi tupu iko kulia, na hakuna hata swali moja lililogeuzwa. Ukifanya mamia ya maswali ya namna hiyo, na wewe utaamini kwamba = ni mlango wa kutokea.

Halafu kuna midomo yetu. Tukiwa na haraka tunasema "tano na tatu tunapata nane", "inakuwa nane", "jibu lake nane". Maneno yote hayo yana mwelekeo. Kitu kinaingia huku, kingine kinatoka kule, kama mahindi mashineni. "Ni sawa na" haina mwelekeo. Nane ni sawa na tano jumlisha tatu, na tano jumlisha tatu ni sawa na nane, hakuna anayemtangulia mwenzake.

Lakini hata neno *sawa* lenyewe lina kazi nyingi mno darasani. Tunauliza "Sawa?" na darasa zima linaitikia "Sawa mwalimuuu!" Hapo lina maana ya tumeelewana, tuendelee. Tunasema "kazi yako iko sawa", maana yake umepata. "Si sawa", umekosea. Katika matumizi yote hayo, mtoto haambiwi popote kwamba vitu viwili vina thamani moja. Maana hiyo anayo, ila ameiacha nyumbani: mpe muhogo agawane na mdogo wake sawa kwa sawa, uone vipande vitakavyopimwa kwa jicho, vikirudishwa na kukatwa tena. Sawa ya kwenye muhogo ndiyo tunayoitafuta kwenye daftari. Mimi nilianza kwa kujirekebisha mwenyewe: mwezi mzima nilisoma = kama "ina thamani sawa na". Inachosha ulimi. Fanya hivyo hivyo.

Dalili: anaandika 12

Huyu amesimama kwenye = na kilichobaki hakimhusu. Ukimweleza kwa maneno ataitikia "sawa" na kesho ataandika 12 tena. Kinachomtikisa ni sentensi za kweli au si kweli. Andika moja, waache wabishane, ndipo uandike inayofuata:

8 + 4 = 12
12 = 8 + 4
12 = 12
8 + 4 = 4 + 8
8 + 4 = 12 + 0
8 + 4 = 7 + 5
8 + 4 = 12 + 5

Mpangilio huu una sababu. Ya kwanza wote wanaikubali. Ya pili inagawa darasa: "Imeandikwa kinyume!" Ya tatu inawaudhi zaidi, kwa sababu hakuna kilichofanyika, kijana mmoja aliniambia "hapo hujauliza kitu". Usiwaokoe. Uliza tu: thamani ya huku ni ngapi, thamani ya kule ni ngapi? Sentensi ya 12 + 0 ni ngazi ya kupandia. Mtoto anayeshikilia kwamba baada ya = lazima lije jibu peke yake anaiona 12 yake ipo pale pale, ila ina mwenzake. Akishaikubali hiyo, 7 + 5 haimpi shida kubwa.

Baadaye leta chenji. Kwangu hii imeshinda kila kifaa nilichowahi kutengeneza. Mtoto ametumwa dukani na noti ya 1,000, anaomba ivunjwe:

1,000 = 500 + 500
500 + 500 = 200 + 200 + 200 + 200 + 200

Swali liko wapi hapo? Jibu liko wapi? Havipo. Kuna fedha ileile imevaa sura nyingine. Halafu andika 1,000 = 500 + 200 + 200 uone watakavyopiga kelele kwamba mia imeliwa. Hapohapo wape alama ya ≠ ("si sawa na"), maana wameshaihitaji. Ukifundisha pwani, wenye bibi nyumbani watakupa mfano mwingine: pishi 1 = vibaba 4.

Mizani je? Kila mwongozo unaisifu. Mimi naitumia siku moja: fito, kamba, vifuu viwili vya nazi, vizibo vya soda. Inafurahisha, na mtoto anaona kwa macho kwamba pande mbili lazima zilingane. Lakini vifuu havilingani uzito, utatumia nusu kipindi kubandika udongo upande mmoja, na kufikia siku ya pili watoto wanatazama fito badala ya namba. Tena jaribu kuonyesha 15 − 3 kwenye mizani. Itumie kuwafungulia macho, kisha irudishe kabatini.

Dalili: anaandika 17

Usimchanganye na mwenzake wa 12. Huyu ameiona ile 5, ila kanuni yake ni "ukiona namba na jumlisha, zoa zote". Mara nyingi ni mtoto mwepesi, anayemaliza wa kwanza. Chukua kipande cha karatasi, ziba upande wa kulia: "Hapa pana ngapi?" Kumi na mbili. Hamisha karatasi, ziba kushoto: "Na hapa pafike ngapi?" Kwa kawaida anacheka mwenyewe kabla hujamaliza. Ila mpe maswali manne zaidi ya aina hiyo siku hiyohiyo, na mawili wiki inayofuata, kwa sababu wepesi wake ndio utakaomrudisha alikotoka.

Yupo na wa tatu, anayeandika 8 + 4 = 12 + 5 kisha anaongeza mwenyewe = 17. Huyo soma sehemu ya mnyororo hapo chini.

Dalili: anakataa 7 = 3 + 4

Chanzo ni kilekile cha maswali ya upande mmoja, na hii ni rahisi kuliko zote. Geuza theluthi moja ya maswali unayoandika ubaoni: __ = 6 + 3, au 9 = __ + 4, au 14 = 7 × __. Ukifanya hivyo tangu darasa la kwanza dalili hii huioni kabisa.

Nilifurahi nilipojua kwamba mazoea haya yana umri sawa na alama yenyewe. Aliyeibuni ni Robert Recorde, mtu wa Wales, daktari na mwanahisabati. Mwaka 1557 alichoka kurudia maneno "ni sawa na", akachora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mlinganyo wa kwanza alioandika kwa alama hiyo, tukiuweka kwa maandishi ya leo, ni 14x + 15 = 71. Kazi kushoto, namba moja kulia! Mzee mwenyewe alituanzishia. (x ni 4, kama ulikuwa umeshaanza kutafuta.)

Dalili: mnyororo

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo. Swali: Mama alinunua madaftari 3 kwa shilingi 1,000 kila moja, na kalamu 2 kwa shilingi 500 kila moja. Alitoa noti ya 5,000. Alirudishiwa shilingi ngapi? Mtoto anaandika:

3 × 1,000 = 3,000 + 1,000 = 4,000 − 5,000 = 1,000

Jibu ni 1,000 kweli. Mwalimu mwenye madaftari 90 mezani anapiga vema na kufungua linalofuata. Nimepiga vema nyingi za namna hiyo. Sasa isome taratibu. Alama ya = ya kwanza inadai kwamba 3,000 ni sawa na 4,000. Ya pili inadai kwamba 4,000 ni sawa na 4,000 kutoa 5,000. Ya tatu inadai kwamba ukitoa 5,000 kwenye 4,000 unabaki na 1,000. Alama tatu, zote tatu zinadanganya, na jibu limepatikana!

Chanzo: mtoto anatumia = kama neno "halafu". Kichwani mwake mambo yamekwenda kwa mpangilio mzuri tu: elfu tatu, halafu ongeza elfu moja, halafu toa kwenye elfu tano. Hajakosea kufikiri. Amekosa pa kuandikia "halafu" yake, akaazima =.

Na ameazima kutoka kwetu. Niligundua hivyo nikiwa nafundisha MAGAZIJUTO (mpangilio wa kufanya hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), swali 5 + 3 × 4. Nilisema kwa sauti "tunaanza na kuzidisha", mkono ukaandika 3 × 4 = 12 + 5 = 17. Nilipogeuka, darasa zima lilikuwa limeinamia madaftari, likinakili neno kwa neno. Nilifuta, lakini wengine walishamaliza.

Dawa ina sehemu tatu. Kwanza, kila hatua mstari wake:

3 × 1,000 = 3,000
2 × 500 = 1,000
3,000 + 1,000 = 4,000
5,000 − 4,000 = 1,000

Au, kwa MAGAZIJUTO, swali zima lishuke kila mstari, na alama za = zipangwe moja chini ya nyingine:

5 + 3 × 4
= 5 + 12
= 17

Pili, mpe mtoto mahali pa kuweka "halafu" yake. Mshale unatosha: 3,000 → 4,000 → 1,000. Aandike pembeni, kwa penseli, kama kumbukumbu ya mawazo. Ukimnyima kabisa atarudi kwenye =.

Tatu, namna ya kusahihisha. Usimpe kosa kwa jibu alilolipata. Ataona umemwonea, na ana haki. Mimi namwachia vema yake, kisha nazungushia duara ile = inayodanganya na kuandika pembeni: "Hiki na hiki ni sawa?" Wiki mbili za kwanza daftari lote lina maduara. Baadaye wanaanza kuzungushiana wenyewe kabla hawajakuletea, tena kwa furaha ya kuona aliyekosa ni mwenzake.

Kama umebakiza wiki tatu kufikia mtihani wa darasa la saba, shughulika na mnyororo huu tu, mengine yaache. Huu ndio unaopoteza alama kwenye maswali marefu, kwa sababu ule ugeuzaji wa 4,000 − 5,000 siku nyingine unamtoa mtoto kwenye jibu kabisa.

Dalili za kwenye aljebra

Wanaovuka darasa la saba bila kutibiwa utawajua kwa mambo matatu.

La kwanza: 4x + 3 inageuka 7x. Mtoto hawezi kuiacha 4x + 3 kama ilivyo kwa sababu haionekani kama jibu. Ina jumlisha katikati, kwa hiyo kazi haijaisha. Mwambie aweke x = 2 pande zote. 4x + 3 inakuwa na thamani ya 11, na 7x ina 14. Aseme mwenyewe kama ni sawa.

La pili: anaanza kila mstari wa mlinganyo kwa =.

3x + 2 = 14
= 3x = 12
= x = 4

Isome kwa sauti, moja kwa moja bila kusimama: 14 ni sawa na 3x, ni sawa na 12. Ameitoa wapi? Kwenye kurahisisha, ambako = ya mwanzo wa mstari ni halali, kama nilivyofanya kwenye 5 + 3 × 4 hapo juu. Pale mstari wa chini ni mwendelezo wa wa juu. Kwenye mlinganyo kila mstari ni sentensi kamili yenye = yake. Tofauti hiyo haijionyeshi yenyewe, lazima itajwe.

La tatu linatokana na wimbo wetu wa "ikivuka inabadilika". Namba ikivuka alama ya sawasawa, jumlisha inakuwa toa. Inafanya kazi kwenye x + 7 = 12. Kisha linakuja 2x = 10, na mtoto mtiifu anavusha 2, anaibadilisha, anapata x = 10 − 2 = 8. Amefuata tulichomwambia. Ule wimbo nimeuacha. Nasema: ulichofanya upande huu, fanya na upande ule, na uandike hadharani. Toa 7 huku, toa 7 kule. Gawanya kwa 2 huku, gawanya kwa 2 kule. Inachukua mistari zaidi, lakini hakuna namba inayoruka kimiujiza, na mtoto anabaki akijua kwa nini pande mbili bado ni sawa.

Wahi mapema, kwa sababu akiingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia inabadilika. Maana ambayo hakuipata kwa Kiswahili haitamwia rahisi kuipata kwa lugha ya kigeni.

Makosa ya wakubwa

Mawili ya haraka, na yote ni yetu. Tunaandika 17 ÷ 5 = 3 baki 2, na 14 ÷ 4 = 3 baki 2. Mtoto aliyeelewa = vizuri atakuuliza: basi 17 ÷ 5 na 14 ÷ 4 ni sawa? Moja ni 3.4, nyingine 3.5. Andika 17 = 5 × 3 + 2, yaishe. Na pai si sawa na 22/7, inakaribia tu. Kuna alama ya ≈ kwa kazi hiyo.

Kuhusu kikokotoo: kitufe cha = pale ni amri ya kutoa jibu kwelikweli, kwa hiyo mtoto anayekichezea nyumbani ana ushahidi dhidi yako. Geuza iwe mjadala. Bonyeza 2 + 3 × 4 kwenye kikokotoo cha bei ndogo, mara nyingi kitatoa 20. Kwenye simu utapata 14. Waulize ni kipi kimefuata MAGAZIJUTO. Wale wakubwa wanaojifunza kuandika programu waambie mapema kwamba huko x = x + 1 ni agizo, na kwamba kwenye daftari la hisabati haina x yoyote inayoikidhi.

Aliyeandika 6 au 8, na aliyeandika 7

Wa 6 au 8 usimtibu ugonjwa asio nao. Alama ameielewa, kuhesabu ndiko kumemponyoka. Mpe vizibo, arudie.

Wa 7 pia mjaribu, maana wengine wamebahatisha. Mpe 48 + 37 = 47 + ☐. Akianza kujumlisha 48 na 37 pembeni, hana tatizo, atafika tu. Ila atatokea mmoja atakayetazama ubao bila kushika kalamu na kusema 38. Muulize amejuaje, na wenzake wasikie. Wangu alisema, "Si umemnyang'anya moja huyu wa arobaini na nane? Nimempa mwenzake."